Udhamini wa Kujitolea na Maamuzi Mawili ya Kids Company

Wapo wanaodai kwamba asiyelipwa hawezi kuwajibishwa, na kwa hiyo wadhamini wa asasi za hisani walipwe. Mfano wanaoupenda ni anguko la Kids Company ya London. Kwa maoni yangu, mfano huo unawasuta.

Kids Company, iliyoanzishwa na Camila Batmanghelidjh mwaka 1996 kuhudumia watoto na vijana wenye shida, ilifungwa tarehe 5 Agosti 2015, siku chache tu baada ya kupata ruzuku ya serikali ya pauni milioni 3. Wakaguzi wa serikali walibaini kuwa ilikwisha kupokea angalau pauni milioni 46 za umma. Wadhamini wake, wakiongozwa na Alan Yentob wa BBC, walikuwa watu wa kujitolea. Mfilisi Rasmi aliomba saba kati yao, pamoja na Batmanghelidjh, wapigwe marufuku kuwa wakurugenzi wa kampuni. Februari 2021 Mahakama Kuu ilikataa. Ilisema asasi ingeweza kunusurika lau si tuhuma ambazo hazikuthibitika, tena ikatahadharisha dhidi ya kuwakimbiza watu wenye uwezo wanaojitolea. Mwaka uliofuata, Tume ya Asasi za Hisani ilitamka kuwa kulikuwa na usimamizi mbovu: wafanyakazi, mamlaka ya kodi na wadai wengine walicheleweshewa haki zao.

Watetezi wa malipo husoma uamuzi wa Tume pekee. Wapinzani wao hung'ang'ania hukumu. Lakini mahakama ilipima kama watu wale wanafaa, Tume ikapima jinsi asasi ilivyoendeshwa. Mtu anayefaa anaweza kabisa kusimamia asasi inayoyumba.

Kilichoiyumbisha kinajulikana. Watoto walijileta wenyewe na mlango haukufungwa. Fedha ziliingia zikatoka, akiba ikabaki kiduchu. Hebu tumfikirie mdhamini katika kikao cha asasi ya namna hiyo. Taarifa ya fedha inaonyesha mishahara inasubiri hundi ya mfadhili, na hapo hapo mwanzilishi anasimulia habari za mtoto asiye na pa kulala. Nani atathubutu kusema tusipokee wengine? Posho haimpi mtu ujasiri huo. Pengine inampunguzia, kwa kuwa atakayegombana na mwanzilishi atapoteza kiti na bahasha kwa pamoja.

Nitajibiwa kwamba wadhamini wa London walikuwa na uwezo wao, ilhali wa kwetu hutoa nauli mfukoni. Sawa, nauli irudishwe; kurudishiwa gharama si mshahara. Tanzania wadhamini husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, lakini katika asasi nyingi kazi yao huishia kwenye hati ya kiwanja na lakiri, huku fedha zikibaki mikononi mwa kamati tendaji. Posho za vikao zipo tayari, na sioni kwamba zimewafanya waulize maswali zaidi.

Kinachokosekana ni kifungu cha katiba kinachotaja akiba ya miezi mingapi haiguswi, nani anaweza kusitisha matumizi ikipungua, na mdhamini atakaa madarakani kwa muda gani. Asasi isiyo na kifungu hicho haina sababu ya kuanza kujadili malipo ya wadhamini wake.