Spea za Mtambo wa Bastola: Kutoka Tupa hadi Geji

Mtambo ndiyo sehemu ya bunduki iliyowasumbua mafundi kuliko zote. Mtutu ni bomba, kitako ni mti uliochongwa. Lakini ndani ya mtambo mna kifyatulio, springi, nyundo na kizuizi kinachoishika nyundo hiyo, na vyote hugusana kwa nyuso nyembamba mno. Zama za gumegume, fundi wa Ulaya alivipiga tupa vipande vya mtambo mmoja mpaka vikaelewana. Kipande cha bunduki moja hakikukubali katika nyingine, hata kama zote mbili zilitoka karakana ile ile. Springi ikivunjika vitani, ilibidi atafutwe fundi wa kuchonga nyingine.

Fundi Mfaransa Honoré Blanc alikusudia kuondoa adha hiyo. Mwaka 1785 alimpa Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, vipande vya mitambo 50 iliyofunguliwa. Jefferson akaokota vipande bila kuchagua, akaunda mitambo kadhaa kwa mkono wake, na yote ikakubali. Habari hiyo aliiandika kwao kwa barua. Mwaka 1798 Eli Whitney aliahidi kuiuzia serikali ya Marekani bunduki 10,000 kwa muda wa miaka miwili hivi. Alimaliza kuzikabidhi mwaka 1809. Bunduki zake zilizosalia zimekaguliwa, na spea zake hazibadilishani. Sifa ya kuunda spea za kubadilishana aliyovikwa vitabuni kwa miaka mingi ni kubwa kuliko kazi yake.

Waliofanikiwa hawakupata umaarufu huo. Mwaka 1813 Simeon North wa Connecticut alitia saini mkataba wa bastola 20,000, wenye sharti kwamba kipande chochote cha bastola moja kiingie katika nyingine yoyote. John Hall, katika kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry, alikwenda mbali zaidi: kila kipande kilipimwa kwa geji, na geji zenyewe zilipimwa kwa seti kuu iliyotunzwa isichakae. Mwaka 1834 vipande vya bunduki alizotengeneza Hall vikaingia katika zile alizotengeneza North katika mji mwingine kabisa. Hapo ndipo siri yote ilipo. Spea za viwanda viwili hupatana pale viwanda hivyo vinapotii geji moja. Kufanana kwa macho si hoja. Hata kwa Samuel Colt, aliyezitangaza bastola zake London mwaka 1851, wafanyakazi waliendelea kushika tupa, na vipande vikagongwa namba ili kila kimoja kirudi kwa wenzake.

Jaribio kubwa lilikuja na bastola ya John Browning, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipoilazimu kampuni ya Remington-UMC iitengeneze pia, michoro ya kampuni ya Colt, iliyokuwa ikiitengeneza, ilionekana kutokubaliana na ikabidi ichorwe upya. Katika Vita Kuu ya Pili waliitengeneza Ithaca, Remington Rand waliokuwa wa taipureta, Union Switch & Signal waliokuwa wa vifaa vya reli, na hata Singer, jina ambalo Afrika Mashariki linajulikana kwa vyerehani, ingawa hao walitoa bastola 500 tu. Baada ya 1945 jeshi halikununua nyingine mpya. Mpaka bastola ya Beretta ilipochukua nafasi yake mwaka 1985, bastola za zamani zilifunguliwa katika karakana za jeshi, spea zikachanganywa, zikaundwa upya. Wakusanyaji wa leo hulalamika kwamba ni chache zilizobaki na vipande vyake vya asili. Kwa jeshi huo ulikuwa ushindi.

Uhuru huo wa kubadilishana spea ulikuwa na gharama yake. Ili spea ya yeyote iingie, vipimo viliachwa na nafasi kidogo, na kifyatulio kikawa kizito na chenye kukwaruza. Walenga shabaha hawakuridhika. Mafundi wa kiraia wakaanza kuuziwa nyundo na vizuizi vilivyoachwa vinene kwa makusudi, ili fundi avipunguze mpaka vikae sawasawa: tupa, iliyofukuzwa na mkataba wa North, ikarudi mezani. Kizuizi cha mtengenezaji mmoja kikiwekwa chini ya nyundo ya mwingine bila kulinganishwa, nyundo huweza kuponyoka yenyewe na risasi ikatoka bila kifyatulio kuguswa.

Bastola ya Glock, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ilipunguza vipande na kurudisha mazoea ya kuingiza spea bila kuinoa. Kiwanda chenyewe kiliuza viunganishi vya kubadilisha uzito wa kifyatulio, na watengenezaji wengine wakafuata haraka. Lakini mtambo wa toleo la tano, lililotoka mwaka 2017, ulibadilishwa, na vipande vyake kadhaa haviingii katika matoleo yaliyotangulia ya kiwanda hicho hicho.