Kabla ya leza kugusa jicho

Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, mkemia Rangaswamy Srinivasan alifika kazini na mabaki ya bata mzinga. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa watafiti wa IBM huko Yorktown Heights, New York, na walikuwa na leza ya eksima, inayotoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Waliielekeza kwenye mabaki yale. Ikachimba mfereji safi, kingo zimenyooka, pembeni hapajababuka. Leza ya kijani waliyoilinganisha nayo iliunguza.

Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ina unene wa takribani nusu milimita tu, na ndiyo inayopinda sehemu kubwa ya mwanga unaoingia. Ukibadilisha umbo lake kidogo, mtu asiyeona vyema mbali anaweza kuacha miwani. Madaktari walilijua hilo zamani. Walichokosa ni chombo cha kukatia.

Huko Bogotá, José Ignacio Barraquer alianza kukata kipande cha konea, kukigandisha kwa baridi, kukichonga kwa mashine na kukirudisha jichoni. Mjini Moscow, katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov alichanja konea kwa wembe, mistari ikitawanyika kutoka katikati kama miale ya jua. Lakini kisa cha Tokyo ndicho kinachoniuma. Tsutomu Sato alichanja konea mbele na nyuma, na mwanzoni wagonjwa waliona vizuri. Haikujulikana bado kwamba tabaka jembamba la seli za nyuma ndilo linaloondoa maji kwenye konea, na kwamba seli hizo zikifa hazioti tena. Miaka mingi baadaye, konea za wengi wao zilivimba na kuwa na ukungu.

Kwa hiyo leza haikukimbizwa kwa wagonjwa. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel, akishirikiana na Srinivasan, aliijaribu kwanza kwenye macho ya wanyama. Mwaka 1988 Marguerite McDonald alimfanyia upasuaji wa leza mgonjwa ambaye jicho lake, ingawa lilikuwa likiona, lilikwisha pangiwa kuondolewa kwa sababu ya saratani. Katika miaka hiyo hiyo Ioannis Pallikaris, kisiwani Krete, alifunua kifuniko chembamba cha konea, akachonga chini yake, akakirudisha. Ndiyo njia inayoitwa LASIK. Marekani iliidhinisha leza ya kurekebisha uoni mwaka 1995.

Anayefikiria upasuaji huu leo asikubali kulala kitandani kabla konea yake haijapimwa unene na kuchorwa ramani ya umbo. Konea nyembamba mno, au iliyoanza kuchongoka kama koni, ikipunguzwa huweza kutuna na kuharibu uoni. Namba ya miwani nayo iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi. Macho kukauka, na taa za usiku kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga, ni mambo ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na kwa wachache hayaishi. Na aliyekaribia miaka 40 aambiwe mapema kwamba huenda akahitaji miwani ya kusomea, kwani kinachokakamaa umri huo ni lenzi iliyo ndani ya jicho, na leza haiigusi.