Mataya ya Koromeo: Silaha ya Pili ya Mkunga

Mkunga mkubwa wa bahari za joto, ambaye wanasayansi humwita Gymnothorax javanicus, hufikia urefu wa meta 3. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Mchana hushinda pangoni kwenye matumbawe, kichwa tu kikiwa nje, akifumbua na kufumba kinywa. Wengi hudhani anatishia watu, kumbe anapumua: anasukuma maji yapite kwenye matamvua.

La ajabu limo ndani zaidi. Nyuma ya fuvu ana mataya mengine, la juu na la chini, yenye meno makali yaliyopinda. Hayo ndiyo mataya ya koromeo.

Istilahi hii haikuanza na mkunga. Samaki wengi wanayo mataya hayo, yametokana na mifupa ya matamvua. Mpasue sato, upitishe kidole nyuma ya matamvua: utagusa kibamba cha mfupa kinachokwaruza, kimejaa vijino. Sato husagia chakula papo hapo.

Ya mkunga husafiri. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, walieleza jambo hilo katika jarida la Nature, baada ya kumpiga picha za video za kasi kubwa mkunga wa aina nyingine, Muraena retifera, akila. Samaki wengi hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia pamoja na windo. Mkunga hana nguvu hiyo ya kufyonza. Basi meno ya mbele yakishang'ata, mataya ya koromeo huchomoka, yakaja mpaka kinywani, yakadaka windo na kulivuta hadi kwenye umio. Ndivyo anavyommeza samaki mkubwa hata akiwa amebanwa na jiwe kila upande.

Nisingependa tuseme “meno ya koo”. Meno ni sehemu tu; kinachosogea ni mfupa mzima na misuli yake. Koo nalo ni neno pana mno, ilhali koromeo limekwisha kuzoeleka kwa njia iliyo kati ya kinywa na umio. Hata hivyo, kwa mkunga jina hilo linataja pale mataya yanapotulia tu. Kamusi iongeze kwamba huweza kusogea hadi kinywani, la sivyo mwanafunzi atayadhania ni ya kusagia kama ya sato.