Barua ya mume: sheria tuliyovuka nayo ziwa

Wengi wetu hapa Nyarugusu, hasa sisi ambao wazazi wetu walivuka Tanganyika mwaka 1996, tumelelewa na sheria ambayo hatujawahi kuisoma. Ni kifungu cha 448 cha Code de la famille ya Zaire, ya tarehe 1 Agosti 1987. Kinasema mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya mume wake kabla ya kuingia mkataba wowote wa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe. Yaani, bila bwana kukubali hakuna kazi. Kifungu cha 444 kilikuwa kimeshasema kwamba mume ni mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii.

Ukiwauliza wazee watakwambia hiyo ni mila yetu. Hapo mimi nabisha. Bibi zetu kule Fizi na Uvira walilima, waliuza ndagala, waliuza mawese, na hakuna mtu aliyewadai karatasi. Hii habari ya karatasi imetoka Ulaya. Mwaka 1804 Napoléon alitoa kitabu chake cha sheria kule Ufaransa, kikaandika kwamba mke amtii mume, na Ubelgiji nayo ikakifuata. Wabelgiji walipotutawala sisi na majirani zetu Warundi, walifungua foyer social kwenye miji. Ile ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwepo tangu 1946. Wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi, kutunza nyumba. Mwanaume ofisini, mwanamke kwenye cherehani. (Cherehani siidharau, imetulisha nyumbani kwetu miaka mingi. Shida ni pale unapoambiwa hiyo ndiyo yako na nyingine siyo yako.)

Sasa angalieni tarehe. Ubelgiji ilifuta mamlaka ya mume juu ya mke mwaka 1958. Ufaransa ilimruhusu mke kufanya kazi bila kumuomba mume mwaka 1965. Kwetu, msichana wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya sekondari, Sophie Kanza, aliipata 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kumbe miaka yote ile ya Wabelgiji hakutoka hata mmoja! Mwaka 1966 huyo huyo akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini. Halafu miaka 21 baadaye, nchi iliyokwisha kuwa na waziri mwanamke inaandika kwamba mke aombe ruhusa ya kufanya kazi. Wenyewe waliokuja nayo walishaitupa, sisi tukaiokota.

Ilichukua karibu miaka 30 kuitoa. Tarehe 15 Julai 2016 ilitoka sheria namba 16/008, na ruhusa ya mume ikafutwa. Siku hizi mume na mke wanatakiwa kukubaliana, wote wawili, hata mume kwa kazi yake. Wakishindwana, kuna tribunal de paix. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba, kwa hiyo safari haijaisha, lakini ile barua haipo tena.

Shida ni kwamba 2016 sisi tulikuwa tumeshatoka miaka 20. Tulivuka na sheria ya zamani kichwani, na mpya hakuna aliyetuletea. Kwenye kazi yangu na vijana nasikia hivi: tangazo la kazi za posho limebandikwa ubaoni, dada ana cheti chake, anataka kuandika jina, shangazi anamwambia, "Mwanamuke ya kuolewa hawezi saini kazi bila bwana yake kukubali." Anarudi nyumbani, na nafasi inachukuliwa na mwingine.

Na hapa ni Tanzania, jamani. Sheria ya Ndoa ya nchi hii, ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Kwa hiyo tangu siku ile mama zetu waliposhuka kwenye mtumbwi, barua ya mume haikuwa sheria. Mipaka ya kazi kwa mkimbizi ipo, tunaijua sote, ila inatubana wanaume na wanawake pamoja.

Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi msikilize. Nimeshuhudia dada akiulizwa kwenye usaili, "Mume wako anajua umekuja?" Kaka aliyemfuata aliulizwa kama anajua kutumia kompyuta.

Dada wakishajua habari ya barua, swali lao la pili huwa ni mtoto: nani atamshika, na atanyonya saa ngapi? Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, 100 kama ni mapacha, na muda wa kunyonyesha kazini hadi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi za posho nilizoziona mimi, mtoto hajatajwa hata mstari mmoja.