Barua Iliyoungua na Shimo Jeusi

Ndugu msomaji, ukiitia barua motoni, je, maneno yake yamepotea? Sisi tutasema yamepotea. Wenye elimu ya maumbile wanasema sivyo: lau mtu angeweza kukusanya moshi wote, majivu yote na nuru yote ya moto ule, angeweza kuisoma upya. Hiyo ni nguzo ya elimu ya chembe ndogo kabisa, iitwayo kwantamu: habari haipotei. Sasa sikiliza jinsi nguzo hiyo ilivyotikiswa.

Mwaka 1927 Mjerumani Werner Heisenberg alibainisha kuwa haiwezekani kujua kwa ukamilifu mahali ilipo chembe na mwendo wake kwa pamoja. Ukilipata hili, lile hukuponyoka. Kwa sababu hiyo hata mahali patupu hapatulii kabisa.

Stephen Hawking wa Cambridge, Uingereza, akaipeleka elimu hiyo kwenye shimo jeusi, ambalo mvuto wake hauachi hata nuru itoke. Mwaka 1974 hesabu zake zilionyesha kuwa shimo hilo hutoa joto kidogo kidogo, hupungua, na mwisho hutoweka. Hakuna aliyeyaona hayo kwa macho. Ni ya hesabu. Tena joto lenyewe halina alama ya kilichotumbukia humo. Basi mwaka 1976 akakata shauri: shimo likitoweka, habari imepotea milele.

Wengine walimpinga. Mwaka 1997 yeye na Kip Thorne waliwekeana dau na John Preskill, aliyeshikilia kuwa habari haipotei. Kuwekeana dau si mwendo wa kuiga, lakini tazama yaliyofuata. Julai 2004, mjini Dublin, mbele ya mkutano wa wataalamu, Hawking alitangaza kuwa ameiacha rai yake ya miaka 28, akamkabidhi Preskill kitabu kikubwa cha mchezo wa besiboli, kama walivyoagana. Thorne hakukubali siku ile. Hawking alifariki mwaka 2018, na mjadala wenyewe haujafungwa hata leo.

Ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu hung'ang'ania neno kwa siku tatu, nalo limeshawatoka moyoni, kwa kuona haya mbele ya mke au mtoto? Bwana yule hakupungukiwa na heshima. Basi mfundishe mwanao hesabu, na umfundishe pia kusema: nilidhani hivi, sasa hoja imenionyesha vingine.