Istilahi za Matengenezo ya Mitambo: Kutoka Karakana ya Reli hadi Mtandaoni

Istilahi nyingi hazizaliwi kamusini. Huzaliwa kazini, nayo kamusi huzipokea zikiwa zimekwisha kukomaa. Jambo hili hudhihirika wazi katika historia ya maneno ya matengenezo ya mitambo. Kwa kuwa siku hizi kazi hizo huagizwa na kusimamiwa kwa njia ya mtandao, wafasiri hawana budi kuitazama historia hiyo kabla ya kuunda maneno mapya.

Chimbuko kubwa ni reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Garimoshi haliendi bila karakana, neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake nyumba ya kazi. Mafundi walitohoa spana, bolti, nati na injini kutoka Kiingereza. Na maneno ya zamani wakayapa kazi mpya. Mtambo, neno lililotumika kwa mtego na kwa kifyatulio cha bunduki, lilipanuka likabeba maana ya mashine. Kukereza, kazi ya maseremala, kukahamia kwenye chuma.

Kipindi cha pili kilikuja baada ya Uhuru. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976 pamoja na karakana za Dar es Salaam na Mpika. Mitambo ya namna hiyo haingojwi iharibike. Hukaguliwa kwa ratiba. Hapo upungufu wa neno moja ukaonekana. Kutengeneza ni kuunda kitu kipya, tena ni kurekebisha kilichoharibika. Daftari likisema pampu “ilitengenezwa mwaka 1975”, msomaji hajui kama ni mwaka wa kuundwa au wa kurekebishwa.

Kipindi cha tatu ni cha kompyuta. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vya Marekani vilianza kuweka kumbukumbu za matengenezo kwa kadi zilizotobolewa matundu. Baada ya CERN kuitoa wavuti kwa watu wote bila malipo mwaka 1993, kumbukumbu hizo zilianza kuhamia mtandaoni. Sasa mwendesha mtambo hupeleka ombi, msimamizi hulikubali, mfumo hutoa hati ya kazi yenye namba, fundi huisoma katika simu, huchukua vipuri ghalani na kuandika saa alizotumia.

Zamani fundi aliyetatizwa na neno alimwuliza msimamizi aliyesimama karibu naye. Leo huenda yu peke yake mbele ya kioo cha simu. Tuseme mfasiri ameandika “imefungwa” kwa kazi iliyomalizika. Kufunga mtambo ni kuusimika; kufunga ni kukaza bolti; kufunga pia ni kuzuia kitu kisifunguliwe. Fundi anayedhani kwamba mtambo umezuiwa usiwashwe, kumbe ni hati tu iliyohitimishwa, aweza kupoteza mkono wake.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kuunda liwe la kitu kipya. Kurekebisha liwe la kilichoharibika. Matunzo ya kinga yawe ya kazi za ratiba. Hati iliyomalizika iitwe “iliyohitimishwa”, na neno kufunga liachiwe mtambo wenyewe, tena litajwe pamoja na kinachofungwa: swichi, vali au mlango.

Walimu wa ufundi na wafasiri wayapime maneno haya karakanani, mbele ya wanaoyatumia. Neno ambalo fundi hulielewa mara moja ndilo linalostahili kuingizwa katika mfumo na, hatimaye, katika kamusi.