Kuchaji magari ya umeme yakiwa mwendoni

Kuchaji bila waya mwendoni ni njia ya kulipatia gari la umeme nishati likiwa linatembea, bila kusimama kituoni na bila kuunganishwa na waya. Umeme hutoka kwenye koili zilizofukiwa chini ya lami na kupokelewa na koili nyingine iliyofungwa chini ya gari. Lengo lake kuu ni kuwezesha gari kutumia betri ndogo, kwa sababu betri ni sehemu nzito na ya gharama kubwa katika gari la umeme.

Namna inavyofanya kazi

Mfumo huu hutumia induksheni ya sumakuumeme, iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo geu ukipita katika koili ya barabarani, huzalisha uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo huamsha mkondo wa umeme katika koili ya gari, na mkondo huo huchaji betri au kuendesha mota moja kwa moja. Kwa kawaida koili huwashwa pale tu gari linalohusika linapopita juu yake. Nguvu inayopokelewa hupungua iwapo dereva ataacha katikati ya njia, au iwapo nafasi kati ya gari na barabara ni kubwa.

Historia

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1894 Wafaransa Maurice Hutin na Maurice Leblanc walipata hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kuendesha reli ya umeme kwa njia hiyo.

Mwaka 2013 mabasi yaliyobuniwa na chuo cha KAIST cha Korea Kusini yalianza kutumia njia ya kilomita 24 mjini Gumi. Ni sehemu ndogo tu ya njia hiyo iliyowekewa koili. Baadaye kampuni ya Electreon ya Israeli ilijenga barabara za majaribio, ikiwemo ya kilomita 1.6 katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi. Mnamo Novemba 2023 kipande cha takriban mita 400 kilizinduliwa mjini Detroit, Marekani.

Changamoto

Njia hii huhamisha gharama kutoka kwenye gari kwenda kwenye barabara. Lami hufukuliwa, vifaa vya umeme hujengwa kando ya njia, na kila gari hufungwa kipokezi. Gharama hiyo hulipa iwapo magari mengi hupita njia ileile kila siku, kama vile mabasi na malori. Mwaka 2023 Uswidi ilisitisha mpango wa kuweka umeme katika barabara kuu ya E20 baada ya zabuni kuzidi bajeti. Mpango huo ulikuwa haujafungwa kwenye teknolojia moja.

Afrika ya Mashariki

Mfano wa karibu wa chombo kinachopokea umeme kikiwa mwendoni ni treni ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Hata hivyo, treni hiyo hutumia waya wa juu wenye kilovolti 25.

Barabarani zinatumika njia nyingine. Mabasi ya BasiGo, yaliyoanza Nairobi mwaka 2022, huchajiwa yakiwa yameegeshwa. Waendesha bodaboda wanaotumia pikipiki za Ampersand mjini Kigali na Nairobi hubadilishana betri iliyokwisha kwa iliyojaa.

Barabara za mlimani zinaonyesha mahali ambapo umeme wa mwendoni ungehitajika zaidi. Kutoka kata ya Njoro mjini Moshi hadi lango la Marangu katika Hifadhi ya Kilimanjaro, gari hupanda takriban mita 1,000. Gari la tani 2 huhitaji zaidi ya kilowati-saa 5 kwa ajili ya kuinua uzito wake pekee, mbali na msuguano na upepo. Sehemu ya nishati hiyo hurudi wakati wa kuteremka, mota inapofanya kazi kama jenereta. Kwa hiyo, katika barabara ya namna hiyo koili zingefaa zaidi upande wa kupanda kuliko njia nzima.